KUBADILI NYAPARA SI KUBADILI KAZI

Ndugu wafanyakazi wa Diani, Ukunda, Ramisi na Msambweni,

Neno linalosemwa sana upande wetu siku hizi ni kwamba mambo hayana budi kubadilika. Kijana wa pikipiki asema hivyo, mpishi asema hivyo, mzee aliyeondolewa shambani asema hivyo. Hata yule mheshimiwa atujiaye na magari matatu kila baada ya miaka mitano husema hivyo, tena kwa sauti kubwa kuwashinda wote. Tajiri mwenye hoteli naye hulitaja katika mikutano yake. Basi neno linalosemwa na mwenye njaa na mwenye shibe pamoja yafaa tuliulize vizuri: ni kitu gani hasa kibadilike? Maana ikiwa wote wamelikubali, huenda kila mmoja ana maana yake moyoni.

Sisi maana yetu ni hii. Twataka ukome mpango unaomfanya mtu atumike miaka kumi na mitano mahali pamoja, na kila jioni akitoka langoni awe si mtu wa pale, na kila asubuhi aanze upya kama mgeni. Mpango huo una jina, nalo ni kibarua.

Jina lenyewe lajieleza. Kibarua ni barua ndogo. Zamani katika miji ya pwani mtu aliyechukuliwa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, akakirudisha jioni apate ujira wake. Na wengi katika waliobeba vikaratasi hivyo walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ujira ukagawanywa baina ya mtumwa na bwana. Utumwa ukafutwa na sheria katika pwani hii mwaka 1907. Kikaratasi kikabaki. Jina la karatasi likawa jina la kazi, na jina la kazi likawa jina la mtu. Leo mama wa miaka hamsini anayefua mashuka ya wageni aitwa kibarua, naye huitika.

Tazameni ni mangapi yaliyokwisha kubadilika. Kipande kilichoning'inia shingoni mwa baba zetu kilikomeshwa mwaka 1947. Bendera ikapandishwa 1963. Vyama vingi vikaruhusiwa tena mwishoni mwa 1991. Katiba mpya ikaja 2010, na kifungu chake cha 41 kimempa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini, ya kuingia chama na ya kugoma. Mwaka 2013 Kwale ikapata serikali yake ya kaunti na gavana wake. Hatuyadharau mambo haya hata kidogo. Watu walifungwa na wengine walikufa ili yapatikane. Lakini anayesimama langoni saa kumi na mbili alfajiri akingoja anyoshewe kidole, wewe leo, wewe hapana, yeye ameona nini? Ameona nyapara amebadilika. Wa zamani alikuwa mtu wa mbali, huyu wa leo huenda wakasali msikiti mmoja. Kidole ni kile kile.

Hapo ndipo tunapoachana na wengi wanaohubiri mabadiliko. Wao hutazama aliyekaa juu ya kiti, nao wakimwangusha husherehekea usiku kucha. Asubuhi kiti kimepata mtu.

Waliotuonyesha njia nyingine si watu wa mbali. Ni makuli wa bandari ya Mombasa, nao miongoni mwao walikuwa Wadigo waliovuka kivuko cha Likoni kwenda kutafuta siku mbili tatu za kazi. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma idara baada ya idara, na mwezi wa Agosti makuli wakaingia. Tarehe 13 Januari 1947 mji wote ulisimama. Watu wapata 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja wa Majengo walioupa jina Kiwanja cha Maskini, wakasikiliza habari, wakabishana, wakaamua. Katika mgomo ule ndipo ulipozaliwa muungano wa wafanyakazi Waafrika, African Workers Federation, ukiongozwa na Chege Kibachia. Yafaa tukumbuke jambo moja juu ya muungano huo: haukuwa wa kabila moja wala wa kazi moja. Kuli na karani na mfagiaji walikaa chini pamoja.

Serikali iliogopa. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Kibachia alikamatwa, akahamishiwa Baringo akakaa huko miaka mingi. Ndugu Makhan Singh, aliyekuwa akijenga vyama vya kazi tangu 1935, alikamatwa Mei 1950, naye hakufunguliwa mpaka 1961. Wakubwa walidhani mambo yamekwisha. Lakini makuli waligoma tena Machi 1955, Tom Mboya akasimama kuwasemea, nao wakapata nyongeza ya asilimia 33. Na kilicho kikubwa kupita nyongeza ni hiki: katika miaka ile ya 1950 na mwanzo wa 1960 kazi ya kutwa ilipunguzwa bandarini hata makuli wengi wakawa watu wa mwezi, wenye mshahara unaojulikana, likizo, na chama kilichotambuliwa. Yaani kikaratasi kilichanwa. Hakikuchanwa siku moja, wala hakuna mtu mmoja awezaye kudai kwamba alikichana yeye.

Tusiwadanganye lakini. Tajiri naye alikuwa na sababu yake ya kukubali, na sababu hiyo yatuhusu sisi wa Kwale kuliko wengine wote. Kibarua wa zamani wa pwani hakuwa mnyonge kama wa leo. Nyuma yake alikuwa na minazi, muhogo, mikorosho na bahari. Alivuka Likoni alipotaka fedha ya kodi au ya harusi, akabeba magunia siku tano, akarudi kwao. Mwenye meli akimwita siku ya sita, hayupo. Maofisa wa kikoloni waliandika vitabu vizima vya kulalamika kwamba watu wa pwani ni wavivu. Uvivu gani? Walikuwa watu wenye pa kurudi, na mtu mwenye pa kurudi aweza kusema hapana. Ndiyo maana matajiri wa bandari waliona heri wawe na watu wachache wa kudumu, wanaolipwa vizuri zaidi na kuamrishwa kila siku.

Sasa mfikirieni kibarua wa Diani. Kikaratasi anacho, minazi hana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani aandikishe dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mwingereza. Wangapi katika wazee wetu walijua kwamba shamba la babu linataka kuandikwa ofisini ili liwe la babu? Baadaye ikaja miwa ya Ramisi. Kiwanda kile cha sukari kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakata miwa walibaki bila kazi juu ya ardhi isiyo yao. Wakalima, wakazaa, wakazika wazee. Mwaka 2007 ardhi ikakodishwa kwa kampuni nyingine, Kwale International Sugar Company, na ugomvi wa mipaka na wakazi ukafika mahakamani. Huku ufukweni viwanja viligawiwa wakubwa, hata njia ya mvuvi kuifikia bahari ikawa ni ya kuombwa. Tume ya Ndung'u ilieleza mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa ovyo nchini kote kinyume cha sheria. Ripoti ipo. Wengi wa waliogawiwa wapo pia.

Basi mambo haya mawili, ardhi iliyoondoka na kazi ya kutwa, ni jambo moja. Aliyenyang'anywa shamba ndiye asiyeweza kukataa ujira wa kutwa, na anayelipwa ujira wa kutwa ndiye asiyepata nauli ya kwenda kushitaki juu ya shamba. Anayetaka kugeuza hali ya watu wa Kwale akashika moja akaacha la pili anateka maji kwa pakacha.

Njia zinazohubiriwa kwetu tunazijua. Ya kwanza na iliyo mbaya kupita zote ni ile ya kusema adui ni mtu wa bara. Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, watu waliolishwa kiapo huko Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi sita, wakachukua bunduki. Wakaingia mitaani. Watu zaidi ya 100 walikufa katika ghasia zile, na maelfu kwa maelfu walikimbia. Ni nani waliokimbia? Mabenki yalikimbia? Wenye viwanja vya ufukweni walikimbia? Waliokimbia ni fundi seremala, mshona viatu, mama muuza mboga, mpishi mwenzetu aliyezaliwa Machakos au Siaya. Wageni wa Ulaya waliacha kuja, hoteli zikafungwa, na wa kwanza kuambiwa usije kesho alikuwa kibarua Mdigo. Tume ya Jaji Akiwumi ilipochunguza iliona mkono wa wanasiasa. Na ardhi? Ni ekari ngapi zilizorudi kwa wenyewe kwa panga lile? Waliopiga kelele ya Pwani si Kenya miaka kumi na zaidi baadaye walikuwa na madai ya kweli juu ya ardhi, nasi hatuwacheki. Twawauliza tu: siku mtakapopata nchi yenu, kibarua atalipwa kwa mwezi? Kama hamkulifikiria hilo, mnatutafutia nyapara mwingine.

Njia ya pili ni kungoja uchaguzi. Kura tupige, haki yetu. Lakini asiyekuwapo na lake halipo, na siku ya kugawa viwanja, ya kuandika masharti ya kukodisha ardhi, ya kupanga mshahara, hiyo si siku ya kura. Huwa ni Jumanne ya kawaida katika ofisi yenye feni.

Ya tatu ni dhoruba ya siku moja. Juni 2024 vijana wa nchi hii walifanya jambo kubwa. Walijaza barabara, Nairobi hata Mombasa, tarehe 25 wakaingia Bungeni, wengine wakapigwa risasi wakafa. Na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi Mswada wa Fedha. Baraza la mawaziri likavunjwa Julai. Twawavulia kofia. Ila Desemba ya mwaka huo huo baadhi ya yale yaliyokataliwa yalirudi kwa mlango mwingine, katika sheria nyingine ya kodi, na barabara zilikuwa tupu. Kwa nini? Ushujaa ulikuwapo. Hapakuwa na katibu, hapakuwa na daftari la majina, hapakuwa na mjumbe wa kila mtaa wa kusema Jumatatu tukutane. Makuli wa 1947 walikuwa na Kiwanja cha Maskini, na kiongozi wao alipochukuliwa, watu waligawanyika kweli, lakini mazoea ya kukutana yalibaki hata yakazaa chama.

(Wapo pia wafadhili wanaotuita hotelini, kule kule tunakofua mashuka, watufundishe mabadiliko ya jamii kwa siku mbili, soda juu yao na fulana moja kila mtu. Fulana twazishukuru. Ni nzuri za kuvaa shambani.)

Sasa tuseme letu.

Karatasi hushindwa kwa karatasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutazamiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, huyo ahesabiwa mtu wa mwezi, apaswa kupewa notisi na haki nyinginezo. Someni tena. Kufua mashuka ya hoteli ni kazi ya kwisha kwa miezi mitatu? Bahari itakauka wageni wasioge? Kukata majani, kulinda lango, kupika: kazi hizi hazina mwisho maadamu hoteli ipo. Basi kwa sheria ya nchi wengi katika mnaoitwa vibarua si vibarua.

Tajiri analijua hilo, ndiyo maana mtu husimamishwa siku chache kabla ya mwezi kutimia, akaitwa tena wiki ijayo. Na wengi hawapewi hati yoyote. Lakini sheria ile ile, kifungu cha 10, yasema tajiri akishindwa kuonyesha mkataba ulioandikwa mbele ya mahakama, ni juu yake kuthibitisha masharti yanayobishaniwa, si juu ya mfanyakazi. Kwa hiyo mwenye daftari la siku zake, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la nyapara aliyemwita, na fedha alizopokea, ana silaha kuliko mwenye jiwe.

Daftari la mtu mmoja ni la kumtetea mmoja. Madaftari mia mbili ya hoteli kumi ni kitu kingine. Hapo chama chaweza kuonyesha kwamba huo ndio mpango wa pwani nzima, wala si ubaya wa meneja huyu au yule. Na lazima iwe pwani nzima. Hoteli moja ikiwaandika vibarua wake kuwa watu wa kudumu, jirani yake asipofanya hivyo atauza kitanda kwa bei ya chini, na ile ya kwanza itasema mnaona, tumeponzwa na chama. Mapatano ya mishahara hufanywa baina ya chama cha wafanyakazi wa mahoteli na shirika la wenye mahoteli, nayo yakiandikishwa mahakamani huwa na nguvu ya sheria. Lakini mapatano humlinda aliyeandikwa. Aliye nje ya orodha huyasikia kama habari za Ulaya. Kwa hiyo dai letu la kwanza katika kila mapatano liwe juu ya idadi: katika kila wafanyakazi mia, wa kutwa wasizidi wangapi, na wa msimu waliofanya kazi kaskazi hii waitwe wao kwanza kaskazi ijayo kabla ya kuletwa wapya. Shilingi zifuate nyuma. Mshahara mzuri wa watu kumi wa kudumu waliozungukwa na vibarua tisini ni kuta za udongo wakati wa masika, na yaliyotokea 2020 yalilionyesha. Ugonjwa ulipofunga hoteli mwezi wa Machi, vibarua waliondoka bila hata barua, na wa kudumu wakaambiwa wakae nyumbani bila mshahara. Hakuna aliyebaki wa kugoma.

Na juu ya ardhi, chama kisikae kimya kikisema hayo ni ya wazee wa kaya na mawakili. Katiba imesema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena si zaidi ya miaka 99. Kila kukodi kuna mwisho, na kila kuongezewa muda kuna masharti. Kwa nini sharti moja lisiwe kwamba mwenye kuongezewa ardhi ya Kwale aonyeshe amewaandika wafanyakazi wake kwa hati? Tena tazameni machimbo ya Base Titanium huku Nguluku na Maumba. Yalianza 2013, yakafungwa Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 ilisema asilimia 70 ya mrabaha iende serikali kuu, 20 kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali pale. Miaka ikapita, hiyo kumi ikiwa bado ni maneno. Madini yamekwenda na meli. Ardhi ile itapewa nani, na kwa masharti gani? Waliochimba na waliohamishwa wasipokuwa na kiti kimoja katika kikao hicho, watakuja kuajiriwa humo humo na mtu mpya, kwa kutwa.

Twajua jibu mtakalotupa: ukiingia chama, kesho huitwi langoni. Ni kweli hufanyika. Sheria yakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya chama, lakini sheria hailipi kodi ya chumba Ukunda. Kwa hiyo asijitokeze mtu peke yake. Majina yakusanywe kimya kimya, jikoni, dobini, bustanini, kwa walinzi, mpaka wawe zaidi ya nusu ya wanaostahili kuingia chama, kwa maana Sheria ya Mahusiano ya Kazi yamlazimisha tajiri kukitambua chama chenye zaidi ya nusu. Siku hiyo fomu zote ziende pamoja. Kidole cha nyapara hakiwezi kuwaacha nje zaidi ya nusu ya watu wakati hoteli imejaa.

Na kwa viongozi wa vyama tuna neno, tena tulisema hapa hapa kwenye gazeti lao. Mwaka 1965, baada ya watu kuuana Mombasa kwa ugomvi wa makundi mawili ya vyama vya kazi, serikali iliyavunja mashirikisho yote mawili ikaunda COTU, na Rais akawa ndiye wa kumchagua katibu mkuu katika majina matatu aliyopelekewa. Tangu hapo wengi walizoea kutazama juu kuliko kutazama langoni. Katibu wa tawi asiyejua jina la mama mmoja wa dobini hatuna haja naye, hata akiwa hodari wa hotuba. Hesabu za ada zisomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu, shilingi kwa shilingi, na kibarua apewe kadi na kura kama mtu wa mwezi. Tukimwacha yeye nje ya mlango wetu, tutamdai tajiri nini?

Madaftari yapo kwa mjumbe wa kila idara, bure. Kila mtu aanze kuandika tangu siku ya leo, asingoje mwisho wa mwezi. Na asiyejua kuandika mtoto wake wa shule amwandikie kila jioni. Visiachwe kazini. Mwisho wa kila mwezi mjumbe atayahesabu na kuleta jumla peke yake, bila majina. Hoteli, mashamba ya miwa, na makampuni ya ulinzi zitaandikwa mbali mbali, na jumla hizo zitachapwa katika ukurasa huu.